Mwenye ghala akiuza mahindi yako, nani analipa?

Shangazi yangu wa Marafa alivuna magunia saba ya mahindi, akayapeleka kwa mwenye stoo mmoja mjini amhifadhie hadi bei ipande. Akapewa kikaratasi chenye muhuri. Aliporudi Desemba, mahindi yalishauzwa na simu ya jamaa haishiki. Hakukuwa na moto wala mwizi. Mwenye stoo aliuza tu, pesa akala.

Nimeikumbuka stori hii kwa sababu marafiki zangu kadhaa hapa Malindi wamekodi mashamba huko Magarini, na wote wanaulizia stakabadhi za ghala. Kenya ilipitisha sheria yake 2019. Unapeleka nafaka kwenye ghala lenye leseni, inapimwa uzito na unyevu (mahindi yasizidi asilimia 13.5), kisha unapewa stakabadhi unayoweza kuombea mkopo benki. Huuzi tena Agosti kwa bei ya broka, halafu Februari unanunua unga kwa bei ya kukukaba koo.

Poa kabisa. Lakini benki haikopeshi mahindi, inakopesha karatasi. Na karatasi ina thamani tu kama kuna pesa nyuma yake.

Hapa watu wengi wanachanganya bima na dhamana. Bima ni ya moto, mafuriko, wizi. Dhamana ni ya binadamu: benki au kampuni ya bima inaahidi kwamba mwenye ghala akishindwa kurudisha mali ya watu, yeye ndiye atalipa. Bima pekee isingemsaidia shangazi hata kidogo.

Na dhamana yenyewe, uliza ni ya kiasi gani. Chukua ghala lenye magunia 1,000, kila moja 3,000. Hiyo ni mali ya milioni tatu. Kama dhamana ni laki tatu na kila kitu kimepotea, kila gunia linalipwa 300. Shangazi mwenye mali ya 21,000 angeondoka na 2,100. Nauli na soda.

Benki zetu zilishatufunza hili. Chase Bank ilipofungwa 2016, amana iliyolindwa ilikuwa hadi laki moja tu kwa kila mteja. Ilipandishwa kuwa laki tano 2020.

Sasa, ukiweka dhamana kubwa kupita kiasi, kikundi cha vijana wa Ganze chenye ghala la mabati hakitapata leseni milele, na biashara itabaki kwa matajiri walewale. Hilo linaniuma. Marekani, ambao sheria yao ni ya 1916, hupima dhamana kwa ukubwa wa ghala. Mimi naona hiyo ni haki zaidi: ghala dogo, dhamana ndogo, na vikundi viungane kuilipia. Ila kuifuta ati tuwasaidie vijana, hapana. Atakayeumia ni mkulima mwenye magunia saba.

Mwaka huu shangazi ameweka mahindi chumbani, ndani ya mifuko isiyopitisha hewa, analala nayo. Juzi nilimweleza habari za stakabadhi, leseni, Baraza, yote. Akanisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchicha.

"Sawa mwanangu. Na huyo naye akiuza?"

Nimemwambia kabla hajapeleka hata gunia moja, nitaenda mwenyewe kuuliza dhamana ni ya benki gani, na ni shilingi ngapi.