Usiache Mbachao: Kompyuta Kuukuu na Lango Jipya

Wahenga walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii yafaa ikumbukwe na kila afisa na kila askari asikiapo kuwa ofisi kubwa inataka kung'oa mitambo yake ya zamani ya kompyuta, eti kwa kuwa watu siku hizi wanataka huduma katika simu zao za mkononi. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mtambo wa kale unavyoweza kuwahudumia watu wa leo pasipo kung'olewa, na ni ulinzi wa namna gani unaohitajika ili faida hiyo isigeuke hasara. Tunalileta jambo hili mbele ya wapiganaji na askari polisi kwa sababu linagusa mshahara, kiinua mgongo na haki ya mjane wa askari. Daftari la malipo likivurugika, hata kikosi hodari huanza kunung'unika.

Kwanza inafaa tuifahamu mitambo yenyewe. Kompyuta kubwa za kiofisi, ambazo wataalamu huziita meinfremu, zilipata sura yake ya kudumu tarehe 7 Aprili 1964, kampuni ya IBM ya Marekani ilipotangaza ukoo wa mashine ulioitwa System/360. Kabla ya siku hiyo, ofisi iliyonunua mashine mpya mara nyingi ililazimika kuziandika upya programu zake. Ukoo huu ulileta ahadi kwamba programu iliyotungwa kwa mashine ndogo itatumika pia katika mashine kubwa zaidi. Ahadi hiyo imetunzwa kwa zaidi ya miaka 60, maana mashine za z16 za mwaka 2022 na z17 za mwaka 2025 ni wajukuu wa ukoo uo huo. Ndiyo sababu mabenki, makampuni ya bima na idara za serikali katika nchi nyingi bado zinaweka hesabu zake humo.

Lugha iliyotumiwa kuziandikia hesabu hizo, COBOL, ina damu ya kijeshi. Mkutano ulioanzisha kazi ya kuitunga ulifanyika Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, mwezi Mei 1959. Sehemu kubwa ya mawazo yake ilitoka katika kazi ya Bibi Grace Hopper, mwanamaji aliyejiunga na jeshi la akiba mwaka 1943 na kustaafu mwaka 1986 akiwa na cheo cha admirali. Shabaha ilikuwa kwamba amri za kompyuta zisomeke na karani wa kawaida, na kwamba programu moja iweze kuhamishwa kutoka mashine ya kampuni moja hadi ya kampuni nyingine.

Lakini mitambo hiyo ilizoea kuzungumza na makarani waliokaa mbele ya skrini za ofisini. Mwaka 1969 IBM ilitoa programu iitwayo CICS, ambayo kazi yake ni kupokea maombi ya makarani wengi kwa wakati mmoja bila kuyachanganya. Sheria yake kuu ni hii: ama yote, ama hakuna. Fedha zikitoka katika hesabu moja, lazima ziingie katika nyingine. Umeme ukikatika katikati, mashine hurudisha mambo yalivyokuwa. Uaminifu wa namna hii haupatikani kwa urahisi. Shida ni kwamba mjane aliye kijijini, mwenye simu mkononi, hana skrini ya karani. Je, ataulizaje kiasi cha malipo yake?

Hapo ndipo inapoingia kazi ya skripti, yaani maagizo mafupi yanayotekelezwa ndani ya seva, ambayo ni kompyuta inayopokea maombi ya watu. Lugha mojawapo mashuhuri ya kazi hii ni PHP, iliyotolewa hadharani mwaka 1995 na Bwana Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland. Mjane anapotuma ombi lake, simu haiigusi kamwe hifadhi ya hesabu. Ombi hufika kwanza kwa skripti. Skripti humkagua mwombaji, hulipanga ombi kwa utaratibu unaofahamika na mtambo wa ndani, hulikabidhi kwa programu ya zamani, husubiri jibu, kisha hulipamba jibu hilo liwe ukurasa unaosomeka na kulirudisha. Programu ya COBOL iliyotungwa kabla mjane huyo hajazaliwa inaendelea na hesabu zake kama desturi, wala haijui kuwa aliyeuliza hakuwa karani.

Kwa hiyo skripti ni kama askari wa zamu kwenye lango la kambi, na mtambo mkuu ni bohari. Mgeni haendi bohari mwenyewe kujichukulia buti. Husema haja yake langoni, naye boharia akatoa kwa daftari na sahihi.

IBM yenyewe iliikubali njia hii. Mwaka 2000 ilianza kuuhimiza mfumo wa Linux katika kompyuta zake kubwa. Mwaka 2006, kwa ushirikiano na kampuni ya Zend, PHP ililetwa katika mashine zake za ofisi za kadiri. Mwaka 2010 ikatoa nyongeza iliyowezesha skripti za PHP kutekelezwa ndani ya CICS yenyewe, jirani kabisa na programu za COBOL.

Hata hivyo, msomaji asidhani kuwa kazi hii ni ya kuunganisha waya tu. Mitambo hiyo ya kale huandika herufi kwa namba za mfumo uitwao EBCDIC, na kompyuta nyingi nyingine hufuata ASCII na mifumo iliyozaliwa nayo. Herufi A kubwa ni namba 193 kwa mfumo wa kwanza, na ni 65 kwa mfumo wa pili. Tarakimu 1 ni 241 huku, na 49 kule. Isitoshe, katika EBCDIC herufi hutangulia tarakimu, na katika ASCII tarakimu hutangulia herufi. Orodha moja ya namba za askari, zenye herufi na tarakimu, itajipanga kwa namna mbili zinazopingana. Fundi asiyelijua jambo hili anaweza kuikata orodha mahali pasipostahili, na wenye haki wakaachwa nje.

Sasa tutazame mafunzo mawili ya miaka ya karibuni. Mwezi Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha hesabu za wateja wake, zaidi ya milioni 5, kwenye mtambo mpya kwa mkupuo mmoja. Watu wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje ya fedha zao, wengine kwa muda mrefu, na mwezi Desemba 2022 wasimamizi wa fedha wa nchi hiyo waliitoza benki hiyo faini ya zaidi ya pauni milioni 48. Hayo ndiyo malipo ya kuhamisha kambi nzima kwa usiku mmoja, pasipo kuipima njia vya kutosha.

Funzo la pili latoka katika jimbo la New Jersey, Marekani. Mwezi Aprili 2020, ugonjwa wa Korona ulipowanyima watu wengi kazi, Gavana Phil Murphy aliomba hadharani wajitokeze wenye kuijua COBOL, na lawama ikauangukia mtambo wa zamani. Lakini mwanahistoria wa kompyuta Mar Hicks aliandika baadaye kwamba sehemu iliyoshindwa ilikuwa tovuti ya kupokelea maombi, iliyotungwa kwa lugha ya Java, ambayo ni changa kuliko COBOL. Bohari lilikuwa imara. Lango ndilo lililoelemewa. Mzee alilaumiwa kwa kosa la kijana!

Kutokana na mafunzo hayo, yafaa lindo hili jipya liwekewe amri zilizo wazi. La kwanza, kila neno linaloingia likaguliwe. Mhalifu huweza kuandika amri ya siri mahali palipotakiwa jina, na skripti isiyo makini ikaipitisha ndani kama jina. La pili, askari wa lango asipewe funguo zote za bohari. Ombi liingie kwa jina la mwombaji mwenyewe, na mtambo wa ndani ulipime kwa sheria zake. IBM imekuwa na programu ya ulinzi wa namna hiyo, iitwayo RACF, tangu mwaka 1976. La tatu, kila ombi lipewe namba yake. Mtandao kwa asili yake haukumbuki aliyepita dakika moja iliyopita, na mtu aliyechoka kusubiri hubonyeza mara ya pili. Pasipo namba, malipo yaweza kutoka mara mbili. La nne, lango lipimwe kwa umati wa siku ya msiba, lisipimwe kwa wageni wachache wa siku ya amani.

Wala tusisahau watu. Wazee wanaoijua COBOL wanastaafu, na vijana wanaoijua PHP hawajawahi kuliona bohari. Jeshi linalojua kazi yake huwaweka sajini mkongwe na kuruta katika lindo moja ili ujuzi upokewe mkono kwa mkono. Ofisi yoyote inayotunza hesabu za umma ingefanya vema kuiga desturi hiyo kabla ya mzee wa mwisho kukabidhi kofia yake.

Ndugu wapiganaji na askari polisi, upya wa kitu si dhamana ya uimara wake, na ukongwe si ushahidi wa ubovu. Anayetaka kubomoa ghala lililohifadhi nafaka kwa miaka 50 na aulizwe kwanza: je, ni ghala lililooza, au ni mlango uliokosa mlinzi?