Masomo ya Kambi: Shule ya Marika Yote na Lugha Zake Huko Kambove

1. Utangulizi

Katika Kiswahili cha Katanga, shule huitwa "masomo". Neno ambalo kwa Kiswahili sanifu hutaja mambo yanayosomwa, huko hutaja pia mahali pa kusomea. Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi jinsi mahali hapo palivyoundwa katika kambi za mgodi, tukitazama hasa Kambove, karibu na Likasi, na jinsi lugha zilivyogawanywa humo.

2. Shule iliyomfuata mtu

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na Kambove mwaka 1913. Hapo mwanzo wafanyakazi walikuja kwa mikataba mifupi, wengi wao kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), wakiwa wameacha jamaa zao nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili siasa yake: ilitaka mfanyakazi akae na mkewe, na mwanawe aje kurithi kazi. Nyumba, hospitali na posho havikutosha kutimiza shabaha hiyo. Ilihitajika pia shule. Mafundisho yalikabidhiwa wamisionari Wakatoliki, hasa Wabenediktini wa Jean-Félix de Hemptinne.

Hivyo kila rika lilipata daraja lake: watoto wadogo chekechea, wakubwa wao shule ya msingi, vijana wa kiume mafunzo ya ufundi, na wake za wafanyakazi "fuaye", walikofundishwa ushonaji, upishi na malezi.

3. Lugha darasani na uwanjani

Wazazi walikuwa wametoka Kasai, Maniema, Ruanda-Urundi na kwingineko. Hapakuwa na lugha moja ya mama iliyowatosha wote. Kiswahili kikawa lugha ya darasa la mwanzo, nao watoto wakakifanya lugha ya mchezo, na hatimaye ya nyumbani. Lakini Kiswahili cha kitabu kilisema "watoto", na cha uwanjani "batoto". Juu ya vyote viwili kilikaa Kifaransa, lugha ya cheo.

Mageuzi ya mwaka 1962 yalikifanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza. Katikati ya miaka ya 1970 lugha za taifa zilirudishwa katika miaka miwili ya mwanzo. Tokeo lake ni kwamba mtoto hujifunza kusoma kwa Kiswahili, kisha hutakiwa kukiacha pale tu anapoanza kukisoma vema.

4. Shule ya nani?

Mwaka 1967 migodi ilitwaliwa na Serikali, na kampuni ikaja kuitwa Gécamines. Kwa njia hiyo shule za kambi zikawa mali ya umma, ingawa mlipaji alibaki mgodi. Mgodi ulipougua, shule iliugua. Uzalishaji wa shaba ulishuka kutoka tani zaidi ya 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980 hadi chini ya 50,000 mwaka 1994. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Nchini kote, tangu mapema miaka ya 1990, wazazi walikuwa wakichangia mishahara ya walimu kwa malipo yaitwayo "prime". Serikali ilipotekeleza elimu ya bure mwaka 2019, ilihusu shule ya msingi pekee.

5. Hitimisho

Kampuni ilisomesha marika yote kwa kuwa iliyahitaji yote; haja hiyo ilipokwisha, aliyebaki na ulinzi ni mtoto wa shule ya msingi. Mama wa fuaye na kijana wa ufundi hawakupata mrithi wa mlipaji wao. Kwa maoni yetu, Kiswahili kingeweza kuwarudisha darasani, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo watu wa Kambove hawana haja ya kuifundishwa upya. Kinachotakiwa ni vitabu vya watu wazima na walimu waliofunzwa kuvitumia, si mapenzi ya lugha peke yake.