Akiba ya Uzee: Mkulima Hapewi Barua ya Kustaafu



Mwalimu na karani wa Serikali huandikiwa barua ya kustaafu. Tangu mwaka 2009 umri wao wa kustaafu kwa kawaida ni miaka 60, na baada ya barua hufuata pensheni. Wewe hakuna atakayekuandikia barua. Siku mgongo utakapokataa kuinama kwenye majani chai, hiyo ndiyo siku yako ya kustaafu.

Wengi husema, "Shamba langu ndilo pensheni yangu, na watoto wangu ndio benki yangu." Maneno haya yana ukweli, lakini hayatoshi. Shamba halijilimi. Watoto nao wana kodi ya nyumba na karo ya watoto wao. Mzee asiye na akiba akiugua, huuza robo eka. Mwaka wa pili huuza robo nyingine. Bandu bandu humaliza gogo. Mwishowe mzee hana shamba, na mtoto hana urithi.

Serikali huwalipa wazee waliosajiliwa wa miaka 70 na zaidi kwa mpango wa Inua Jamii, na malipo yaliwekwa kuwa Sh. 2,000 kwa mwezi. Huo ni msaada mwema, lakini ni wa chumvi na sabuni. Hautajenga paa wala kulipa deni.

Fanya hesabu

Tuseme una eka moja ya majani chai, na bonasi yako ya mwaka ni Sh. 60,000. Toa sehemu moja ya kumi, yaani Sh. 6,000. Kisha toa Sh. 260 katika malipo ya kila mwezi. Kwa mwaka mzima umeweka Sh. 9,120, ambazo ni karibu Sh. 25 kwa siku.

Sasa tuseme fedha hizo zinazaa faida ya asilimia 8 kila mwaka, nawe huigusi faida hiyo. Ukianza ukiwa na miaka 50, ukifika 60 utakuta kama Sh. 132,000. Ukianza na miaka 40, utakuta kama Sh. 417,000. Ukianza na miaka 30, utakuta zaidi ya Sh. 1,000,000. Watu hawa watatu wanatoa kiasi kile kile kila mwaka. Aliyeanza mapema ametajirishwa na miaka, kwa maana faida yenyewe nayo imezaa faida.

Kumbuka pia kwamba bei za vitu hupanda. Kwa hiyo bonasi ikiongezeka, ongeza na akiba. Na fedha zilizofichwa chini ya godoro hazizai kitu. Kila mwaka hununua unga mchache zaidi.

Mahali pa kuweka

Mfuko wa NSSF, ulioanzishwa mwaka 1965, si wa walioajiriwa peke yao. Mkulima anaweza kujiandikisha kwa hiari yake. Mpango wake uitwao Haba Haba uliwekwa kwa ajili ya watu wasio na mwajiri, kwa kima cha Sh. 25 kwa siku, nayo hulipwa kwa simu.

Sacco nayo ni mahali pazuri. Lakini hakikisha kwanza kwamba Sacco inayopokea amana yako ina leseni ya SASRA. Tena angalia jambo hili: ukimdhamini mwenzako kwa mkopo, akiba yako hushikwa mpaka alipe. Asipolipa, utalipa wewe. Kwa hiyo akiba ya uzee iwe mbali na akiba ya kudhaminiana.

Mtu akija sokoni na kukuahidi kwamba fedha zako zitakuwa maradufu kwa miezi mitatu, mwage na uende zako.

Mambo matano ya kufanya

1. Toa akiba kwanza, kabla fedha hazijaingia nyumbani. Ipe Sacco au benki yako idhini ya kukata fungu hilo kila malipo yanapoingia. Mkono usioshika noti hautaitumia.

2. Maliza deni la mbolea na mikopo ya simu. Deni lenye faida kubwa hula haraka kuliko akiba inavyozaa.

3. Lipia bima ya afya. SHA ilichukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na kima cha chini kiliwekwa Sh. 300 kwa mwezi kwa jamaa asiye na mshahara. Ugonjwa mmoja usio na bima unaweza kumeza akiba ya miaka kumi.

4. Lipange shamba kwa ajili ya mikono iliyochoka. Mparachichi uliopandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na miti ya mbao haihitaji kupaliliwa kila wiki. Ipande sasa ungali na nguvu za kuchimba mashimo.

5. Andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika nambari za akaunti, za Sacco na za NSSF, na jina la mrithi katika kila moja. Mkeo au mumeo ajue daftari liliko. Hati ya shamba nayo iwe kwa jina la aliye hai. Ikiwa bado ina jina la marehemu babu, anza kulirekebisha jambo hilo mapema.

Bonasi kwa kawaida huja karibu na mwezi wa Oktoba, na wenye kuuza mabati, simu na pikipiki wanaijua tarehe hiyo kuliko wewe. Basi kabla haijafika, kaeni chini, mume na mke, mkubaliane fungu la uzee ni kiasi gani, na asubuhi yake nendeni mkatie sahihi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni kwa yule aliyeanza kutia.