Tao Ni Yetu, Tupeeni Stej

Wasee wa Kisii na Nyamira, hii noma ya jam tao inatuguza sote. Cheki Daraja Mbili siku ya soko. Mat zimeshikana, nduthi zinajipenyeza kila mahali, na omong'ina na mkungu wake wa ndizi kichwani anatembea kwa lami, juu kando hakuna pa kukanyaga. Mjadala ukianza, dawa yenye hutajwa mapema ni kufukuza: nduthi zitoke, Probox zitoke, kanjo wamwage vitu za wenye wanauza. Mimi sikubali. Tao haifunguki kwa kufukuza watu, inafunguka wakipewa pa kusimama.

Tuanze na Probox. Ni ndinga ya watu watano, lakini ikiondoka unapata wanne nyuma, wawili mbele na dere, na wengine wamejikunja buti. Saa zingine abiria na dere wako kiti moja, gia iko katikati ya magoti. Hiyo inaua watu, na sheria imeikataza. Lakini jiulize mbona watu bado wanaipanda. Inaingia mpaka ndani ndani, Marani, Manga, hadi Kebirigo, na inajaza chap, wakati mat ya abiria 14 bado inaita watu. Ukiitoa leo bila kuleta kitu ingine, mgonjwa anabaki njiani na mwanafunzi anafika darasa limeanza. Wape line, wape stej, abiria ahesabiwe kabla gari iondoke. Hapo ndio karau akishika mwenye amejaza kupita kiasi, hakuna wa kulia.

Nduthi nayo, tangu serikali ipunguze ushuru wa pikipiki ndogo 2008, imelisha familia mob. Mwaka wa 2023 Seneta Boni Khalwale alileta mswada wa kutaka county ziandikishe marider na kila nduthi ibebe abiria mmoja. Kuandikishwa na kufunzwa ni poa, maisha ya mtu si mchezo. Lakini ada isimalize kijana mwenye bado analipia nduthi ya loni kila jioni.

Na tusidanganyane ati hii ni kazi ya Nairobi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imepea county barabara zake, maegesho, taa za barabarani na usafiri wa umma. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Hao watu hawajui mpaka. Msee analala Nyamira, anapiga kazi Kisii, jioni anashuka Keroka, tao yenye mpaka umeikata katikati. Hizi county mbili zikipanga stej na ada kila moja kivyake, rider analipishwa huku, akivuka analipishwa tena kule. Zikae meza moja, rider awe na stika moja yenye inakubalika pande zote.

Halafu kuna nduthi za stima. Rasimu ya sera ya kitaifa ya usafiri wa stima ilizinduliwa 2024, na wengi wameanza kuziota. Ziko sawa, lakini milima yetu inakula betri vibaya. Bila vituo vya kubadilisha betri Suneka, Keroka na Nyamira tao, rider wa huku atabaki na petroli, na bei ikipanda ni yeye anaumia.

Sasa sikizeni. Mpango wa maendeleo wa kila county wa sasa unaisha 2027, na wenye unafuata lazima uandikwe. Vikao vya maoni ya umma vikiitishwa, msiachie wazee na makontrakta pekee. Marider, madere, makondaa, mamanzi wa soko na wasee wa Kisii University, ingieni. Itisheni vitu tatu ziandikwe na pesa yake: njia ya miguu kando ya kila barabara ya tao, stej zenye paa na taa, na plani moja ya usafiri ya Kisii na Nyamira. Kitu haijawekewa pesa kwa bajeti hakuna mtu ataijenga.