Jangwa Lililo Angani: Unyevu wa Anga la Juu katika Nusutropiki

Aghalabu jangwa hudhaniwa kuwa la ardhini tu. Hata hivyo, juu ya Sahara, kilomita 8 hivi kutoka ardhini, hewa nayo huwa kame. Chanzo chake ki katika Ikweta. Hewa yenye joto hupaa huko, ikapoa na kumwaga maji yake kama mvua. Kisha husafiri ikiwa kavu na kushuka karibu na nyuzi 30, kaskazini na kusini.

Ukavu huu hauko sawa kila mahali. Kati ya Juni na Septemba, pepo za kusi huvuka Ikweta kuelekea Bara Hindi, na mawingu marefu ya mvua yakapandisha mvuke hadi anga la juu la India na Tibet. Wakati uo huo, hewa hushuka juu ya mashariki mwa Mediterania na kulikausha anga lake.

Tofauti hizi zina uzito. Mvuke huzuia joto la dunia lisitoke. Penye ukavu, joto hujiendea. Hivyo basi, nyongeza ndogo ya mvuke katika anga kavu huzuia joto jingi kuliko nyongeza iyo hiyo penye unyevu tele. Anayejadili ongezeko la joto duniani hana budi kulitazama jangwa hili pia.