"Karibuni studioni!" Studio gani hiyo, boss?

Uko Embu au Meru, shindano la maswali linaanza kwenye TV, na mtangazaji anapaza sauti: "Karibuni studioni!" Studio iko wapi? Kimya. Ni kama kila mtu anaishi Nairobi.

Marekani hutaja. Jeopardy! hufunguliwa kwa jina la jukwaa, Alex Trebek, na la studio zenyewe, Sony Pictures. The Price Is Right nayo kwa miaka mingi ilitangazwa kutoka Television City, Hollywood. Hapo palitiwa chumvi: jengo hilo lililofunguliwa 1952 liko mtaa wa Fairfax, Los Angeles, wala si Hollywood. Lakini angalau mtu alijua pa kuelekea, na ilimfaa, maana washiriki huitwa papo hapo kutoka kwa watazamaji waliokuja studioni.

Kwetu hata lugha inaweza kukuchenga. Muuga FM inaongea Kimeru, Wimwaro FM Kiembu, ungedhani ziko nyuma ya soko la Gakoromone. Zote ni za Royal Media, makao yake Nairobi.

Sasa piga hesabu. Embu hadi Nairobi ni kama kilomita 125, Meru ni zaidi ya 220. Unashuka Tea Room alfajiri, simu karibu izime, unaanza kuuliza watu wa boda studio iko mtaa gani. Nauli ya kuja ulikopa. Ya kurudi unaitegemea kwenye zawadi.

Watangazaji, semeni mtaa. Sekunde tatu tu.