Stress Imekubana? Wajapani Wana Dawa, Na Iko Hapa Nyeri

Mwaka wa 1982, serikali ya Japani iliambia watu wake kitu simpo: ingieni msituni, tembeeni polepole, mpumue. Wakaiita shinrin-yoku, yaani kuoga msitu. Hakuna maji, hakuna sabuni. Baadaye watafiti wao walipima watu waliotoka msituni, wakapata presha imeshuka na homoni za stress zimepungua.

Tiketi ya Tokyo najua huna. Lakini fare ya mathree hadi Nyeri, kama kilomita 150 kutoka Nairobi, hiyo utasaka tu. Rada ndio hii.

Anzia Tetu, kwenye ukingo wa Aberdare. Huko kuna maporomoko ya Zaina. Vaa viatu vya matope, tafuta msee wa huko anayejua njia, zima data, kisha keti usikie maji. Usikimbizane na picha. Mlima Kenya nao unataka uamke mapema, juu mawingu huufunika kabla jua likaze.

Ukirudi tao, pitia kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyekufa 1941. Kwenye jiwe kuna duara lenye nukta katikati. Kwa maskauti, hiyo humaanisha nimeenda nyumbani. Halafu kuna kanisa la Waitaliano kule Mathari, wanapolala wanajeshi wao zaidi ya 600 wa Vita Vikuu vya Pili. Kimya cha hapo hata kichwa yenye kelele inatulia.

Ukiwa na siku ya ziada, songa Nanyuki, mwendo wa saa moja hivi, usimame kwa laini ya ikweta.

Lakini usichukulie huu msitu poa. Dedan Kimathi alijificha Aberdare akipigania ardhi, akashikwa pembeni mwa msitu Oktoba 1956. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe na aliyekuwa mbunge wa Tetu, alipigwa akitetea miti. Mwaka wa 2005, baada ya kushinda Nobel, alienda Japani akakutana na neno mottainai: uchungu wa kuona kitu cha thamani kikiharibiwa bure. Akalipenda, akalieneza duniani.

Kwa hivyo chupa yako ya plastiki, rudi nayo mtaani. Msitu umekuoga bure. Usiuachie uchafu wako.